Kutunga Filamu Juu ya Mauaji Halisi Bila Kumpa Muuaji Jukwaa

Anayeingia na bunduki mahali penye watu wengi mara nyingi anataka mambo mawili: kuua na kujulikana. La kwanza hulifanya mwenyewe. La pili hawezi peke yake. Anahitaji magazeti, televisheni, simu za watu na, baada ya miaka michache, filamu. Kwa hiyo mwandishi wa muswada anayetaka kugeuza tukio la namna hiyo kuwa tamthilia ya uhalifu ajiulize mapema: kazi hii itamfaa nani?

Filamu nzuri za aina hii zipo, na zina la kufundisha. Mwaka 2009 Denis Villeneuve alitoa Polytechnique, juu ya wanawake 14 waliouawa katika chuo cha uhandisi cha Montreal, Kanada, tarehe 6 Desemba 1989. Mwaka 2018 Erik Poppe wa Norwei alitoa Utøya: July 22, juu ya kambi ya vijana iliyovamiwa tarehe 22 Julai 2011, ambako watu 69 waliuawa kisiwani Utøya, Norwei. Mwaka 2021 Justin Kurzel wa Australia alitoa Nitram, juu ya watu 35 waliouawa Port Arthur, Tasmania, tarehe 28 Aprili 1996. Na karibu na sisi ipo Watu Wote ya mwaka 2017, filamu fupi ya Mjerumani Katja Benrath iliyopigwa Kenya na kuchezwa kwa Kiswahili na Kisomali, ikafika hadi kwenye orodha ya wawaniaji wa tuzo ya Oscar.

Zote nne zimegusa damu ya kweli, na hakuna hata moja inayompigia debe muuaji. Hawa watunzi hawakubahatisha. Walifanya maamuzi ambayo nawe unaweza kuyafanya ukiwa na kalamu na daftari, kabla hujatafuta hata senti ya kukodi kamera.

1. Amua kwanza hadithi ni ya nani

Andika muhtasari wa sentensi moja, nayo ianze na mtu: mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta kazi, mama mwenye kijana asiyemwelewa, abiria Mkristo ndani ya basi lenye Waislamu wengi. Unayeanza naye ndiye mwenye filamu. Ukiona kila muhtasari unaouandika unaanza na mwenye bunduki, simama utafute sababu. Mara nyingi ni uvivu tu: yeye ndiye aliyeandikwa sana, kwa hiyo habari zake zinapatikana bila jasho.

Kukosea hapa kunaweza kuzamisha mradi mzima. Mwaka 2021 ilitangazwa filamu iitwayo They Are Us, juu ya Waislamu 51 waliouawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019. Mhusika mkuu hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakiswali. Alikuwa waziri mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern. Vijana wa Kiislamu nchini humo walianzisha ombi la kupinga, likatiwa saini na makumi ya maelfu ya watu. Ardern mwenyewe alijitenga na mradi, mmoja wa watayarishaji akajitoa, na kazi ikasimamishwa. Waliofiwa waliona msiba wao umegeuzwa mandhari ya sifa za mtu mwingine.

Linganisha na Watu Wote. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, kaskazini mwa Kenya, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawavika wenzao Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Benrath angeweza kuanza na wapiganaji. Akaanza na Jua, mwanamke Mkristo anayepanda basi hilo akiwa na sababu zake za kuwaogopa wote waliomo. Kuanzia hapo swali linalomshika mtazamaji ni kama abiria watamtoa mwenzao. Washambuliaji wanabaki kuwa hatari iliyo mlangoni, na filamu inabaki ya abiria.

Kurzel alichagua njia ngumu zaidi: alimfuata muuaji mwenyewe. Kilichomwokoa ni kwamba swali lake lilikuwa kwa nchi nzima. Mtu kama yule alifikaje kumiliki bunduki zile, na ni nani wote waliomwona akipita? Kama huna swali la uzito huo, mwache muuaji pembeni.

2. Nenda kwa wafiwa kabla ya ukurasa wa kwanza

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nitram ilitoka miaka 25 baada ya Port Arthur, na bado wapo wakazi wa Tasmania waliotaka isitengenezwe kabisa. Kurzel aliipigia Victoria, ng'ambo ya bahari. Villeneuve hakuingiza kamera katika jengo lenyewe la Polytechnique, na Poppe alitafuta kisiwa kingine. Watunzi hawa walitambua kwamba mahali pale pana wenyewe.

Usiwafikie waliofiwa kwa simu ya ghafla. Pitia kwa mtu wanayemwamini, awe imamu, padri, mwalimu au kiongozi wa chama cha manusura, na utangulize barua. Ndani yake taja wazi anayetoa fedha, unachokusudia kuonyesha na usichokusudia, na kama majina halisi yatatumika. Ziara ya kwanza usibebe kamera wala kinasa sauti. Epuka siku za kumbukumbu. Usianze kwa kuuliza marehemu alikufaje. Uliza aliishije: alipenda chakula gani, aligombana na nani, alikuwa na mpango gani wiki ile. Majibu hayo ndiyo yatakayokupa mhusika aliye hai.

Usiahidi usichoweza kutimiza. Ukimwambia mzazi kwamba ataona muswada kabla ya kurekodi, muonyeshe. Kama prodyusa hatakubali familia ibadilishe chochote, liseme hilo siku ya kwanza. Na mtu akikataa, mshukuru uondoke, wala usimzunguke ukazungumze na majirani zake. Wengi wakikataa, hamisha kila kitu: mji, mwaka, majina, kazi za watu. Ukweli wa hadithi utabaki, na hakuna atakayejikuta kwenye pazia la sinema bila kuridhia.

3. Tenga ushahidi na uvumi

Baada ya kila shambulio uvumi hutangulia, na ukishakaa hautoki. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, tarehe 20 Aprili 1999, dunia iliambiwa kwamba wauaji walikuwa wa kikundi cha wanafunzi waliovaa makoti marefu meusi, waliokuwa wakilipiza kisasi kwa kuonewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hawakuwa wa kikundi hicho, na kwamba shabaha yao ya kwanza ilikuwa kulipua mkahawa wa shule kwa mabomu ya gesi, ambayo hayakulipuka. Mwandishi aliyetegemea magazeti ya wiki ile ya kwanza angetunga filamu juu ya tukio ambalo halikutokea.

Tafuta kumbukumbu za mahakama, ripoti za tume na maelezo ya waliokuwepo. Norwei iliunda tume iliyotoa ripoti yake Agosti 2012, nayo ikasema wazi kwamba polisi wangeweza kumzuia muuaji mapema zaidi. Kurasa kama hizo zina drama kuliko chochote unachoweza kubuni.

Gawa daftari lako safu tatu: kilichothibitishwa, kilichosemwa na shahidi mmoja, na ulichobuni. Kila tukio la muswada lipate safu yake. Kilicho katika safu ya tatu kisimtwike mtu halisi kosa ambalo hakulifanya, awe mlinzi, mwalimu au mama wa muuaji. Anayejulikana na mtaa mzima hata ukimbadilisha jina bado atanyooshewa kidole.

4. Mnyime muuaji jina lake

Ardern alisimama bungeni Machi 2019 akasema hatalitaja jina la muuaji wa Christchurch. Filamu inaweza kufanya vivyo hivyo bila kupoteza kitu. Katika Polytechnique muuaji hana jina kabisa, na kwenye orodha ya waigizaji anaitwa muuaji tu. Katika filamu ya Poppe ni umbo linaloonekana kwa mbali, kisha linapotea. Nitram ni jina la kwanza la muuaji wa Port Arthur lililogeuzwa nyuma mbele, na lile halisi halitamkwi mwanzo hadi mwisho.

Maneno yake nayo yapimwe. Wauaji wengi huacha barua au maandishi marefu wakitumaini yatasomwa, na ukimpa mwigizaji hodari ayasome kwa muziki mzito umemkamilishia kazi. Kanuni iwe kuyaacha nje. Villeneuve aliivunja, akaingiza barua ya muuaji, na alikuwa na sababu: kwa miaka mingi wapo waliosema yule alikuwa kichaa tu, wasikubali kwamba alichagua wanawake kwa kuwachukia watetezi wa haki zao. Bango la kumbukumbu mjini Montreal lilirekebishwa mwaka 2019 tu, likataja bayana kwamba lilikuwa shambulio dhidi ya harakati za wanawake. Pale ambapo jamii inakana nia ya muuaji, maneno yake machache yanaweza kuwa ushahidi. Pengine pote ni tangazo la bure.

5. Onyesha milango iliyoachwa wazi

Mtazamaji atataka kujua kwa nini. Usimpe jibu la sentensi moja, kwamba alionewa shuleni, alicheza michezo ya video au baba yake alikuwa mkali. Gus Van Sant, katika Elephant ya mwaka 2003 iliyoshinda Palme d'Or huko Cannes, aliweka baadhi ya sababu hizo zinazosemwa mitaani bila kuichagua hata moja, akamwachia mtazamaji kazi.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni tukio dogo, la kawaida, linalofanyika mchana kweupe. Katika Nitram kijana anaingia duka la bunduki akiwa na fedha taslimu. Muuzaji ni mchangamfu, anamtolea bunduki moja baada ya nyingine na kumweleza ubora wa kila moja, kama muuzaji yeyote anayefurahia mteja mwenye pesa. Suala la leseni linatajwa. Kijana hana. Biashara inaendelea. Hakuna muziki wa kutisha wala sauti iliyopandishwa. Anayejua mwisho wa habari hii anatetemeka kwenye kiti, na asiyejua anaelewa baadaye kwamba hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kuzuia.

Villeneuve anafanya hivyo kwa njia nyingine. Kabla ya shambulio, mwanafunzi Valérie anakwenda kwenye usaili wa mafunzo ya kazi ya uhandisi. Mwanamume anayemsaili anaanza kumuuliza mambo ya kuzaa na familia, akionyesha kwamba kazi ile haimfai mwanamke. Hakuna aliyeshika bunduki chumbani humo. Lakini dharau ambayo muuaji ataigeuza risasi imeshaonekana, imevaa tai na kukaa nyuma ya meza.

Kwa muswada wako, orodhesha milango mitano ambayo mtu angeweza kuifunga: aliyeuza, aliyeona akanyamaza, aliyepokea malalamiko akayaweka kabatini. Chagua miwili na uitungie matukio kamili. Utakuwa umejibu swali la kwa nini bila kumfanyia muuaji uchambuzi wa nafsi.

6. Amua risasi ngapi zionekane

Kila mtunzi alijibu kwa njia yake, nawe huna budi kujibu kabla ya siku ya kurekodi. Kurzel haonyeshi mauaji ya Port Arthur hata kidogo. Kamera inaondoka pale yanapotaka kuanza. Villeneuve anaonyesha kiasi, lakini kwa picha nyeusi na nyeupe, ili damu isitawale jicho. Poppe ametumia sikio. Shambulio la Utøya lilidumu dakika 72, naye akarekodi kwa pigo moja lisilokatwa la urefu huohuo, kamera ikimfuata msichana wa kubuni aitwaye Kaja. Risasi zinasikika msituni, mara mbali mara karibu, na mtazamaji kama Kaja hajui zinatoka wapi. Mwanzoni kabisa Kaja anatazama kamera moja kwa moja na kuanza kuongea, tukadhani anatusemesha sisi. Kumbe anazungumza na mama yake kwenye simu. Kwa sekunde chache mtazamaji amewekwa mahali pa mzazi, na hatoki hapo mpaka mwisho.

Unapoandika sehemu ya shambulio, fuata haya:

Kamera isikae nyuma ya mtutu. Mtazamaji akiona kupitia macho ya muuaji, waliouawa wanakuwa shabaha.

Usieleze mbinu. Jinsi silaha ilivyopatikana kwa siri, ilivyofungwa, njia aliyopita ndani ya jengo: vyote hivyo vinamfunza anayetaka kuiga, na havimwongezei mtazamaji mwema chochote.

Ondoa mwendo wa polepole na muziki wa kishindo. Hivyo ni vya filamu za mashujaa.

Anayekufa awe ameshajulikana, hata kwa dakika moja tu. Mwili usio na jina usiutumie kujaza picha.

Ukimaliza, soma tena ukikata kila tukio la damu moja moja. Ambalo likitoka hadithi haiyumbi, halikuwa na kazi.

7. Hadithi isife pamoja na risasi ya mwisho

Miswada mingi huishia ving'ora vinapolia. Kwa waliobaki, hapo ndipo hadithi inapoanza. Katika Polytechnique mwanafunzi wa kiume aliyenusurika anajitwisha lawama asiyoweza kuibeba, na Valérie anaendelea na maisha akiwa na hofu mpya ya kuwa mzazi. Paul Greengrass, katika 22 July ya mwaka 2018, anaonyesha shambulio hilohilo la Norwei mwanzoni, kisha sehemu kubwa ya filamu anaipeleka hospitalini, nyumbani na mahakamani, hadi kijana aliyejeruhiwa anaposimama kutoa ushahidi mbele ya aliyempiga risasi.

Matokeo ya nchi nayo ni sehemu ya hadithi. Siku 12 baada ya Port Arthur serikali ya John Howard na majimbo walikubaliana juu ya sheria mpya za silaha, na zaidi ya bunduki 600,000 zikanunuliwa na kuharibiwa. Nitram inafunga kwa maandishi kuhusu sheria hizo. Gawa muswada wako: theluthi moja angalau iwe ya baada ya tukio. Kama huna cha kuandika hapo, rudi kwa wafiwa ukaulize zaidi.

8. Seti isije ikaua

Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa akiandaa filamu ya Rust, kwa risasi ya kweli iliyokuwemo ndani ya bastola iliyotumiwa kwenye maigizo. Msimamizi wa silaha alitiwa hatiani mwaka 2024. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa wakati wa kurekodi The Crow, pale kipande cha risasi kilichokwama kwenye mtutu kiliposukumwa na baruti ya risasi isiyo na kichwa. Kwa hiyo hata risasi za maigizo huua. Tumia silaha bandia zisizoweza kufyatua kitu chochote. Mwako na mlio vitiwe wakati wa kuhariri.

Kisha fikiria majirani. Mwezi Novemba 2015, miezi michache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, chuo kikuu kimoja Nairobi kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Waliodhani ni shambulio la kweli walijirusha kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akafariki. Ukirekodi mtaani, waarifu polisi, serikali ya mtaa, shule na misikiti au makanisa yaliyo karibu, weka mabango, na mtu wako asimame kila njia ya kuingilia. Vibali vya kurekodi na vya kuonyesha navyo ni lazima: Tanzania utavipata kupitia Bodi ya Filamu, na Kenya bodi ya uainishaji wa filamu itaamua nani aruhusiwe kuitazama.

Waigizaji nao ni watu. Panga matukio mazito mwanzoni mwa siku, usiyarudie bila sababu, na uwe na mshauri nasaha wa kukaa nao jioni. Watoto wasisikie milio hiyo wala wasijue zaidi ya wanachohitaji kwa sehemu yao.

9. Bango na trela visikuharibie kazi

Unaweza kutunga kwa heshima miaka miwili, halafu msambazaji akaweka bunduki kwenye bango na kuharibu vyote kwa siku moja. Andika kwenye mkataba kwamba silaha na uso wa muuaji havitatumika kuitangaza filamu. Waonyeshe wafiwa kwanza, faraghani, wakiwa na uhuru wa kutoka ukumbini wakati wowote. Usizindue siku ya kumbukumbu ya mauaji. Mwanzoni weka onyo fupi, na mwishoni weka majina ya waliouawa, kama familia zimekubali.

Siku ya kufunga muswada, chukua nakala moja ufute kila mstari anaouzungumza muuaji, kisha usome kilichobaki. Kama hadithi bado imesimama na watu wake bado wanaishi, peleka kwa prodyusa. Kama imeporomoka, basi ulikuwa unamwandikia yeye. Usiitoe. Rudi ukawaandikie waliouawa na waliobaki.